Fundi wa Rili Hayuko Kwenye Picha

Kama umewahi kuingia mahali popote Malindi au Watamu ambapo wavuvi wa michezo hukutana, unaijua hii picha. Nduwaro mkubwa amening'inizwa kwa mkia. Kando yake kuna mtu amechomwa na jua, anacheka, fimbo mkononi. Chini pameandikwa jina lake, uzito wa samaki na tarehe. Picha inayofuata ni hiyo hiyo, mtu tu ndiye amebadilika.

Nimezitazama hizo picha tangu nikiwa mdogo, kwa sababu mjomba wangu amefanya kazi kwenye boti za aina hiyo miaka mingi. Lakini kuna swali ambalo sikuwahi kuuliza mpaka mwaka jana. Ile rili iliyo kwenye fimbo, nani aliifungua na kuisafisha usiku wa kuamkia siku ile? Naona hata aibu kusema, kwa sababu mara nyingi jibu lilikuwa limekaa mbele yangu barazani, limevaa kikoi, linatafuta bisibisi.

Kwa wale wa bara ambao hamjawahi kuishika: rili ni ile mashine ya duara inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Ndani kuna spuli, yaani kigurudumu kinachobeba mshipi. Kuna gia, kuna beringi, na kuna dragi. Dragi ndiyo breki. Samaki wa kilo mia akianza kukimbia, huwezi kumzuia kabisa na huwezi kumwacha aende bure. Unamwachia mshipi huku dragi ikimchosha pole pole. Breki ikikwama, mshipi unakatika. Breki ikilegea, samaki anaondoka na mshipi wako wote. Kwa hivyo kinachoamua kama kutakuwa na picha ukutani ni rundo la washa zinazoenea kwenye kiganja.

Leo nataka kusema jambo moja tu. Historia ya rili ni historia ya mafundi, na sisi tumeisimulia kama historia ya watu wa kwenye picha. Twende taratibu.

Rili si kitu cha juzi. Kuna mchoro maarufu wa Kichina wa karibu mwaka 1195, uliochorwa na Ma Yuan, unaoonyesha mtu peke yake ndani ya mashua akivua kwa fimbo yenye rili. Lakini kwa karne nyingi ilikuwa tu kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Ukizungusha mkono mara moja, nayo inazunguka mara moja. Basi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1800, katika mji mdogo unaoitwa Paris, jimbo la Kentucky huko Marekani, alikuwepo fundi wa saa aliyeitwa George Snyder. Alipenda kuvua. Waingereza walikuwa tayari wanauza rili zenye gia, lakini nyingi zilikuwa dhaifu. Snyder akatengeneza yake kwa shaba, akachonga gia kwa umakini ule ule aliotumia kwenye saa, ili mkono ukizunguka mara moja spuli izunguke mara kadhaa. Mafundi wengine wa Kentucky wakaiga, na kwa miaka mingi rili nzuri za Marekani zilitoka kwa watu wa saa na wa fedha.

Hapo ndipo mimi nilisimama nikafikiria. Saa ni kitu kinachotengenezwa kikijua kwamba siku moja kitafunguliwa. Ina skrubu, ina kifuniko, ina vipande vinavyotoka na kurudi. Rili ya kisasa ilizaliwa kwenye meza ya mtu wa aina hiyo. Kufunguliwa kuko kwenye damu yake.

Halafu rili ikapelekwa baharini, na bahari ikaiaibisha.

Mwaka 1898, kwenye kisiwa cha Catalina huko California, Charles Frederick Holder alivua jodari wa ratili 183, yaani kama kilo 83, kwa fimbo na rili. Mwaka huo huo yeye na wenzake wakaanzisha klabu ya Tuna Club mjini Avalon. Inasikika poa, si ndiyo? Sasa sikiliza mashine zao zilivyokuwa. Mkono wa rili ulishikana moja kwa moja na spuli. Samaki akikimbia, spuli inarudi nyuma kwa kasi na mkono unarudi nayo. Ukiwa umezubaa, unakupiga vidole mpaka vinavunjika. Breki yenyewe ilikuwa kipande cha ngozi ambacho mvuvi alikigandamiza kwenye mshipi kwa dole gumba. Manze, hebu fikiria unasimamisha pikipiki kwa kidole.

Suluhisho lilikuja kupitia mvuvi mmoja wa hapo Catalina, William Boschen. Wazo lake lilikuwa kuweka breki ndani ya rili: washa zinazobanana kwenye gia, na kando ya mkono kigurudumu chenye umbo la nyota cha kuzikaza au kuzilegeza. Sasa samaki anaweza kuvuta mshipi huku mkono umetulia. Mwaka 1913 Boschen alitumia rili ya aina hiyo kuvua samaki mwenye pua ndefu kama upanga, wa ratili 355, kama kilo 161. Ndiye wa kwanza wa aina yake kuvuliwa kwa fimbo na rili. Lakini wazo halivui samaki. Aliyeligeuza kuwa chuma ni Julius vom Hofe, mtengenezaji wa rili wa Brooklyn. Ile nyota bado iko kwenye rili nyingi zinazouzwa leo, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Na si yeye peke yake. Angalia waliobadilisha rili walitoka wapi. Mwaka 1905 Mwingereza Alfred Holden Illingworth, mtu wa viwanda vya nyuzi, alisajili rili ambayo spuli yake haizunguki wakati wa kurusha. Mshipi unachomoka tu kutoka pembeni, kama uzi unavyochomoka kwenye kibiringo cha kiwandani. Rili za Mitchell za Ufaransa zilitoka Cluses, mji wa mafundi wa saa. Shimano ya Japani ilianza mwaka 1921 mjini Sakai, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa gia za nyuma za baiskeli. Iliingia kwenye vifaa vya uvuvi mwaka 1970. Ndiyo, jina lile lile unaloliona kwenye baiskeli za hapa mtaani.

Saa, uzi, baiskeli. Hawa walikuwa watu wanaojua kitu kinachozunguka, kwa nini kinakwama, na ukifunguaje bila kukiharibu. Yule fundi wa baiskeli wa kwenu, yule unayemwachia mia mbili na kuondoka bila kuuliza jina, ana ujuzi wa ukoo mmoja na hao.

Mwaka 1932, uchumi wa dunia ukiwa umelala chini, mhamiaji Mjerumani aitwaye Otto Henze alianzisha kampuni ya Penn huko Philadelphia. Mwaka 1936 ikatoa rili kubwa ya baharini iliyoitwa Senator. Jambo lililonivutia ni kwamba vipande vyake vilikuwa na namba. Springi ikivunjika hununui rili mpya. Unaagiza namba ile, unafungua, unabadilisha, unarudi baharini. Ndiyo maana rili za miaka hiyo bado zinafanya kazi kwenye boti za watu. Sasa linganisha na spika yako ya bluetooth iliyozima baada ya miezi minane, haina hata skrubu moja ya kufungulia.

Sasa turudi nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 1934, baada ya safari yake ya kuwinda Tanganyika, mwandishi Ernest Hemingway alishuka pwani kuvua Malindi. Aliporudi Marekani mwaka huo huo aliagiza boti yake ya uvuvi, Pilar. Jina lake limebaki pwani yetu kama chapa. Sina ubaya naye. Lakini kabla hajafika, bahari hii ilikuwa na wenyewe: Waswahili, Wabajuni, Wagiriama wa ukanda ule, watu waliovua kwa mshipi wa mkono, kwa nyavu na kwa madema. Walijua sulisuli anapita lini na jodari wanafuata nini. Rili ilikuja na wageni. Bahari haikuja na wageni.

Uvuvi wa michezo ulipokua Malindi, Watamu na Shimoni, hao wenyeji ndio waliokuwa mabaharia na manahodha. Na kwa sababu duka la vipuri lilikuwa ng'ambo ya bahari, mabaharia wakalazimika kuwa mafundi pia. Hakuna aliyewapa cheti.

Mwaka 1939 ikaanzishwa IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi wa michezo. Hemingway alikuja kuwa mmoja wa makamu wake wa rais. Shirika hili lina kanuni moja ambayo nilipoisoma nilitulia. Samaki akishauma, mtu mwingine yeyote akigusa fimbo, rili au mshipi wakati mvuvi anapambana naye, samaki huyo hahesabiki kwenye rekodi. Baharia anaruhusiwa kushika kile kipande kinene cha mwisho karibu na ndoano, samaki akishafika ubavuni mwa boti.

Kanuni yenyewe naielewa. Bila hiyo, tajiri angekaa kivulini huku wanaume watatu wanamvutia samaki. Lakini iangalie kutoka upande wa mjomba. Usiku ameifungua rili yote, amegusa kila jino la gia. Asubuhi, saa ambayo ile kazi inaonekana, yeye ndiye mtu asiyeruhusiwa kuigusa. Samaki akipatikana, jina linaloandikwa ni la aliyeketi kwenye kiti. Samaki akipotea kwa sababu dragi imekwama, hapo ndipo jina la fundi linakumbukwa haraka sana.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, nilienda kumtembelea. Kusi ilikuwa inavuma, bahari imechafuka, boti zimepandishwa. Huo ndio msimu wa kufungua rili. Nikamkuta na taulo jeupe limetandikwa kwenye sinia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Njoo unishikie tochi. Macho yamechoka, hii springi siioni."

Zamani aliniomba hivyo hivyo nikiwa darasa la saba, nikamwambia nina houmuweki. Nilikuwa na gemu kwenye simu. Safari hii nikashika tochi.

Wacha nikueleze nilichokiona, kwa sababu nilikuwa nadhani kutunza rili ni kumwaga mafuta na kufunga.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, na chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hivyo ndani ya rili hakukauki kabisa. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu huo wa chumvi zinakuwa kama betri ndogo, na moja inaliwa. Skrubu ya chuma cha pua kwenye ubavu wa alumini: alumini ndiyo inayoumia. Inatoa unga mweupe. Shaba inatoa kutu ya kijani. Mjomba akagusa unga mweupe kwa ukucha, akasema, "Huu umeanza zamani. Mwenyewe aliona yang'aa nje, akajua ni nzima."

Kosa la kwanza, alisema, linafanyika pale pale bandarini. Watu wanaichukua hozi ya presha na kuipiga rili maji. Presha inasukuma chumvi ndani. Ukirudi kutoka baharini unakaza dragi kidogo ili maji yasiingie kwenye washa, unainyunyizia maji baridi taratibu kama mvua ya manyunyu, unaipangusa, unaianika kivulini. Halafu unalegeza dragi.

Mimi, kwa kihere here, nikawa nimeikaza ile rili iliyokuwa tayari. Akanipiga kibao cha mkono.

"Usiache imekazwa. Ukiiweka miezi mitatu hivyo, washa zalala, hazifufuki."

Kisha kufungua kwenyewe. Kila kipande kinapotoka kinapangwa kwenye taulo kwa mfuatano, kushoto kwenda kulia, na uso uliokuwa juu unabaki juu. Mimi nikatoa simu nipige picha kila hatua. Akacheka, lakini baadaye akaniomba nimwonyeshe picha ya nne. Gia na sahani za chuma zinasafishwa kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, mpaka grisi nyeusi itoke yote. Beringi zinasafishwa, zinakaushwa, kisha zinapewa tone moja au mawili ya mafuta mepesi. Gia zinapewa grisi. Lakini kile kijino kidogo kinachozuia mkono usirudi nyuma hakipewi grisi nzito, kwa sababu kikinata hakirudi kwenye meno yake kwa wakati. Hapo tumerudi Catalina: mkono unarudi nyuma na vidole vinavunjika.

Washa za dragi ndizo alizozitazama kwa muda mrefu zaidi. Zamani zilikuwa za ngozi, za fiba, hata za asbesto. Siku hizi nzuri ni za kaboni. Mafuta ya kawaida yakiingia hapo breki inateleza na kushika, inateleza na kushika, na kila inaposhika ghafla mshipi unapigwa. Moja ilikuwa imechakaa na kipuri hakikuwepo. Mjomba akatoa kipande cha ngozi ya kiatu, akakichora kwa kufuatisha washa ya zamani, akakata kwa wembe. Nikakumbuka wale wa 1898 na kipande chao cha ngozi chini ya dole gumba. Miaka mia na zaidi, na ngozi bado iko kazini.

Mwisho akarudisha kila kitu, akafunga mshipi kwenye mizani ya kupimia samaki, akanipa nivute. Mshipi wa kilo 24, dragi inawekwa karibu theluthi yake, kama kilo 8. Ukizidisha sana, samaki akikimbia mara moja tu mshipi unaaga. Nikavuta. Ukatoka laini, bila kuruka.

Lakini kitu kilichonifanya niandike hii ni kile nilichokiona kabla hajafunga. Ndani ya ubavu wa rili, mahali ambapo mteja hafiki kamwe, kulikuwa na mikwaruzo. Nikasogeza tochi. Herufi mbili na mwaka: 1987. Chini yake herufi nyingine, za mjomba, na miaka minne tofauti.

"Huyo wa juu ndiye aliyenifundisha," akasema. Hakuongeza.

Baadaye nikasoma kwamba mafundi wa saa wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani, kukwaruza alama yao ndani ya kifuniko ili fundi anayefuata ajue nani alipita na lini. Mjomba hajawahi kusoma hayo. Alimwona mwalimu wake akifanya, naye akafanya.

Kwa hivyo rekodi ipo. Haiko ukutani, iko ndani, na unaiona ukifungua tu. Shida ni kwamba chini ya herufi za mjomba hakuna herufi za mtu mwingine. Macho yake yanaenda. Vijana tunataka kuwa kwenye picha, na nasema tunataka kwa sababu hata mimi nimo, kazi yangu yote ni picha. Na vitu vinavyoletwa siku hizi vingi havifunguki, kwa hivyo hata hamu ya kufungua inakufa. Siku mjomba atakapoacha, zile rili zitatupwa na kununuliwa mpya, na hakuna atakayejua kilichopotea, kwa sababu hakikuwa kwenye picha tangu mwanzo.

Sisemi uache masomo ukawe fundi wa rili. Nasema kwenye ukoo wako kuna mtu anayejua kufungua kitu: cherehani, injini ya boti, redio, saa ya babu. Nenda ukamshikie tochi mara moja kabla hujachelewa. Piga picha ya taulo lake. Andika jina lake, na la aliyemfundisha.

Mimi nimerudi mara tatu tangu Mei. Ya tatu nilifungua rili nzima na kuifunga mwenyewe, nikabakiwa na skrubu moja mkononi, ikabidi nianze upya. Mara ya pili ikakubali. Nikachukua msumari nikamuuliza kama naweza kuandika herufi zangu.

Akaizungusha mkono, akaisikiliza kwa sikio kama mtu anayepokea simu.

"Bado," akasema. "Ngoja iende baharini irudi."